Neno Lililobaki Ndani ya Boila

Chumba cha juu ya duka la vioo,
Mlango wa nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kisigino,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima wewe, wifi na mtoto. Kifua chako vipi? Ile baridi uliyokuwa unailalamikia imepungua, au bado unalala na soksi mbili mbili kama bibi kizee? Hapa hatujambo. Mama yako hajambo mwili. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Hayo mengine yake utayaona humu ndani.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama huko kunanyesha. Hili jambo halisemeki kwa simu. Basi kaa kitako, na kama wifi yuko karibu, naye akae.

Nianze na kazi. Unalikumbuka lile jengo la dobi, la ghorofa sita, ambalo baba zetu, wangu mkubwa na wako mdogo, walikuwa wakichochea moto chini yake? Mwenye jengo ameniita niliondoe boila la zamani na kuweka jipya. Ndiyo, mimi, Mama Boila, kama wanavyoniita hapa mtaani wakidhani nitaudhika. Enzi za baba zetu yalikuwa maboila mawili, yameunganishwa kwa bomba moja. La pili liliuzwa chuma chakavu siku nyingi. Lililobaki ni lile lile alimofia baba yako.

Nilijizungusha siku mbili kabla ya kukubali. Lakini mafundi wawili walikuwa wameshaiona kazi wakaingia mitini, nami nikasema, kama kuna wa kulizika hilo dude, awe mtu wa kwetu.

Kazi yenyewe, ndugu yangu, usiombe. Ngazi za kushukia chini hazipitishi watu wawili wakipishana. Ukuta haubomoleki, kwa kuwa ndio ulioshika jengo zima. Mtaa ni mwembamba, lori linaruhusiwa kusimama mwisho saa nne asubuhi, na ikigonga saa nne na dakika moja askari wa barabarani yuko pale na kidaftari chake. Wapangaji wanagomba hawana maji ya moto, dobi naye analia na mashuka ya watu. Ikabidi boila likatwe vipande kwa gesi humo humo shimoni, na kila kipande kivutwe juu kwa mnyororo na kapi.

Na kile chumba, sijui nikuambieje. Boila lilikuwa limezimwa wiki mbili, limepoa kabisa, lakini kila tulipoweka vyombo chini kupumzika tulisikia kitu kinagonga ndani. Fundi mwenzangu, mtu mzima tunayemwita Profesa kwa vile hana jambo asilolijua, alisema ni chuma kinajinyoosha. Nikasema hata mimi naona hivyo. Lakini hakuna kati yetu aliyekubali kubaki mle peke yake, hata mwenzake akienda kununua soda tu.

Sasa nikurudishe nyumbani kidogo. Unakumbuka kwetu ilikuwa marufuku kusema "tayari"? Chakula "kimeiva", maji ya kuoga "yamepata moto", nguo za shule "zimekauka". Ukiteleza ukasema "chakula tayari", baba yangu anaacha sahani yake na kutoka nje. Sisi tulikuwa tunacheka chini kwa chini, tukidhani ni vituko vya wazee. Aliponifundisha kazi alinipa sharti hilo hilo: ukiwa ndani ya chuma, taja kitu kwa jina lake. Sema "Koki imefungwa?" Sema "Mnyororo umekaza?" Neno lile lisikutoke kinywani. Miaka kumi na tisa nimelitii bila kujua sababu.

Na mwaka jana, siku zake za mwisho hospitali, nilikusimulia alivyokuwa akirudia maneno yale yale tu: "Aliniuliza. Hakuniambia. Aliniuliza." Daktari akasema ni homa, nasi tukasema ni homa. Mama yako alikuwa anamfuta jasho na kumbembeleza, "Ndiyo shemeji, alikuuliza."

Basi Jumanne hii, saa tatu na nusu, lori linaunguruma nje na dereva haachi honi. Mimi nimechuchumaa ndani ya boila, nimemaliza kukata bamba la juu, limebaki linaning'inia kwenye mnyororo. Profesa ndiye mwenye mnyororo, lakini amesimama nyuma ya ukuta, pale palipokuwa na koki kubwa. Kwingine hakuna nafasi hata ya kuweka mguu. Hanioni, simwoni. Nilitaka kujua kama ameshaufunga mnyororo ili nitoke. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini honi ile ilikuwa inanikata maini. Neno likanitoka: "Tayari?"

Bamba likashuka. Lilipita kiasi cha mkono mmoja kutoka kichwani pangu, likatua kando ya goti, masikio yakaziba. Nilipoanza tena kusikia, Profesa alikuwa mlangoni.

"Si umesema tayari?"

"Nimeuliza!" nikamfokea. "Nimekuuliza, sikukuambia!"

Hapo, Kisigino, ndipo nikasikia nilichosema. Nilikaa juu ya kutu nikalia, na maskini Profesa akadhani nalilia goti.

Chuma hakipitishi sauti ya swali. Neno linaingia limepanda, upande wa pili linatokea limelala. Aliye nyuma ya ukuta anasikia "tayari" ya mtu aliyekwisha kutoka na kufunga mlango.

Siku ile baba yako alikuwa ndani ya boila lililopoa, anabandua ukoko wa chokaa. Baba yangu alikuwa nyuma ya ukuta, anaipaka grisi ile koki iliyozuia mvuke wa boila la pili. Tuliambiwa nini? Kwamba baba mdogo aliingia bila kumwambia mtu, kwa ubishi wake, na kaka yake hakujua kama yumo. Hivyo ndivyo baba yangu alivyoandikisha, na hivyo ndivyo alivyowaambia watu msibani. Si kweli. Alijua yumo. Walikuwa wanafanya kazi pamoja, kama siku zote. Baba yako aliuliza kama koki ni salama. Aliuliza, "Tayari?" Na kaka yake akaifungua, mvuke ukamkuta ndani.

Nilitaka niishie hapo, lililobaki nikufiche. Lakini sisi sote tumefichwa vya kutosha. Tulipokwangua karibu na mdomo wa lile bomba, kwenye chuma chenyewe kuna alama za nyundo, nyingi, zimerundikana mahali pamoja. Mtu anayebandua ukoko hapigi hivyo. Anayepiga hivyo anaita. Kile kipande sikukipakia kwenye lori. Nimekivika gunia, kiko chini ya meza hii ninayoandikia.

Boila jipya tuliliwasha Alhamisi. Dogo kama kabati la nguo, halina kelele. Wapangaji wanaoga, dobi ameniletea taulo la zawadi, kila mtu ananiambia hongera. Nami naitikia asante huku moyo uko shimoni. Watoto wa jirani wakicheza kujificha, mmoja akaita "Tayari?", nasimama katikati ya chumba nikisubiri kusikia ni nani atakayejibu.

Sijui nimfanyeje baba yangu. Alikubeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, mimi bintiye nikatembea kwenye matope. Umempa mwanao jina lake. Nampenda na namkasirikia, na vyote viwili vinabanana humu kifuani. Huenda yale mapenzi yote kwako yalikuwa toba. Huenda yalikuwa mapenzi tu. Sikuombi umsamehe, hilo si langu la kuomba, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka mingi ya kuliomba.

Mama yako nilimwambia Ijumaa. Alikuwa anakunja nguo. Unajua kila mwaka ikifika siku ile alikuwa anapiga magoti mbele ya baba yangu: "Shemeji, utusamehe kwa aibu aliyokuachia mdogo wako." Na baba yangu anajibu, "Yamekwisha, shemeji, inuka." Miaka ishirini na minane. Nilipomaliza kusema aliendelea kukunja. Alikunja shati, akakunja na lingine. Kisha akaniuliza, "Na alikuwa ananiitikia?"

Nikasema ndiyo, mama, alikuwa anaitikia.

Tangu hapo hajala mezani kwangu. Anapika chake pembeni, anakula amenipa mgongo. Simlaumu.

Langu mimi ni hili. Tulipokuwa wadogo, kila tulipogombana na nikaona unanishinda, nilikuwa na neno la kukumaliza: "Ubishi huo huo ndio uliomuua babako." Ulikuwa unanyamaza papo hapo. Una miaka sita, unakwenda kukaa nyuma ya mlango. Nilishinda magomvi mengi kwa neno lile. Lilikuwa uongo, na hata lingekuwa kweli, halikuwa la kumwambia mtoto. Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea sana.

Nisalimie wifi, mwambie vitenge vyake nimevipata na nimeshashonesha kimoja. Mbusu mtoto kwa ajili yangu, na usibadilishe namna unavyomwita kabla hatujazungumza. Shangazi mshona nguo anakusalimu, na Profesa pia, ingawa hamjuani. Anasema amekuja kukujua kwa machozi yangu. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mwema na watu wa kuwasikia vizuri mkiita.

Mama yako macho yake siku hizi hayamruhusu kuandika. Amekuja sasa hivi, amekaa hapa ubavuni pangu, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Ameniamuru niandike neno lake kama lilivyo, nisiongeze wala nisipunguze, na amenifanya nilisome mara mbili kwa sauti ahakikishe. Anasema:

"Mwanangu, baba yako hakuwa mbishi. Aliuliza."

Dada yako akupendaye,
Mama Boila