Insha Tano za Siku Aliyopotea Chiriku

Mwaka mmoja umetimia, Mwalimu, tangu ulipotutoka ukiwa kwenye kile kitanda cha dirishani hospitalini, miwani umeisogeza juu ya paji la uso kama mtu aliyepumzika kidogo kusahihisha.

Tunakukumbuka kwa upole wako. Miaka thelathini na moja ulifundisha watoto kuandika, na sikuwahi kusikia umempiga mtu kwa sababu ya insha mbaya. Ulihesabu "halafu" tu. "Leo huyu kaweka halafu kumi na tisa," uliniambia ukicheka, huku chai inapoa. Wanafunzi wakakubandika jina la Mzee Halafu, ukalipenda kuliko jina lako.

Mjukuu wetu Chiriku ulimpa kichwa kimoja kila mwaka, kuanzia darasa la pili: "Siku Niliyopotea." Ulitaka kuona usimulizi wake unavyokua. Siku yenyewe tunaijua wote. Alikuwa darasa la kwanza, ukaenda naye kwa fundi viatu, akakuponyoka. Ulirudi nyumbani peke yako, jasho linakutiririka, ukatoka tena mbio, ukaja naye umemshika mkono. Nilimfokea mtoto yule, na tangu hapo nikawa namwita mtoro.

Sasa niseme lililonikaa rohoni, maana ulinijua: nikishuku jambo situlii.

Wiki moja baada ya kukuzika, mwalimu wake wa darasa la sita aliniita. Binti mdogo, mwenye adabu zake. Akaniwekea mezani "Siku Niliyopotea" ya mwaka ule, Chiriku alimpelekea yeye kwa kuwa wewe hukuwepo tena, imepigwa sifuri.

"Bibi, pole tena kwa msiba. Lakini hii hakuiandika mtoto."

"Kaandika nani?"

"Wewe unadhani nani?"

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Fundi viatu ana misumari mdomoni na bado anapiga soga, hamezi hata mmoja. Nikakusikia wewe kabisa. Nikakumbuka hospitalini: kila nikiingia na chupa ya chai nawakuta wawili mnanong'ona, mkiniona mnanyamaza, mnatazama dari. Nikasema moyoni, basi ndiyo hiyo, babu anataja maneno, mjukuu anaandika. Ukurasa wa pili sikuufungua.

Shule ikamtaka akiri mbele ya wenzake. Akakataa. "Mwambie mwalimu wako ukweli, mtoto wewe," nilimwambia. Tangu siku hiyo, akipewa insha anaandika mistari mitatu na kuweka kalamu chini. Ameingia hivyo darasa la saba, na mtihani wa kumaliza shule ndio huo unakuja. Wenzake wakamwita Mwizi wa Insha. Mimi, Mwalimu, sikumtetea. Kimoyomoyo nilikuwa pamoja nao.

Mwezi uliopita nilishusha sanduku lako nitafute picha ya kuweka kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. Insha nilizikuta zote, nne umezifunga uzi, tarehe juu, na ile ya tano niliyoitupia humo mwenyewe. Nikavaa miwani, nikazisoma polepole kwa mpangilio.

Darasa la pili: "Nilipotea. Nililia. Babu alikuja. Mwisho." La tatu, halafu zimejipanga kama siafu, nilizihesabu kwa niaba yako, kumi na nne. La nne, watu wameanza kuongea. Fundi anamwuliza, "Babu yako kakuacha hapa kama kiatu kibovu?" Nikasimama hapo. Kakuacha? La tano, fundi anamwonea huruma, anajifanya anahitaji mtu wa kumshikia kopo la gundi ili mtoto asilie. Kumbe Chiriku alikwishaanza kuona yaliyo moyoni mwa mtu mwingine.

Kwenye ile ya darasa la sita, safari hii nikafungua ukurasa wa pili. Hapo amejiweka kando, anakusimulia wewe. Umekutana na rafiki yako kinyozi, mmebishana habari za mpira njia nzima, mkaachana karibu na nyumbani, mtoto umemsahau kwa fundi, na mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi nauliza, "Mtoto yuko wapi?" Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Ameniponyoka."

Mwalimu! Miaka sita!

Basi hukuandika wewe. Ungeandika wewe, ungejipendelea japo mstari mmoja.

Nikamwita mtoto. "Haya uliyapata wapi?"

"Babu alinisimulia upande wake hospitalini. Nikamwuliza kama naweza kuandika ukweli. Akasema andika, ila bibi yako asijue mpaka nitoke hapa, nimwombe radhi mwenyewe."

"Na hakutoka."

"Ndiyo maana nilinyamaza, bibi."

Kesho yake nikazipeleka zote tano kwa yule mwalimu. Akazipanga mezani, akasoma amesimama, kisha akavuta kiti.

"Bibi, mbona hukuniletea hizi mapema?"

"Nilikuwa upande wako, mwanangu."

Aliifuta sifuri mbele ya darasa zima na akamwomba Chiriku radhi. Mimi nilimwomba nyumbani, na kwangu ilikuwa kazi zaidi.

"Ulinishuku mwaka wote," aliuliza, "au kuna siku ulikuwa unasahau?"

"Mwaka wote."

"Naweza kuliandika hilo?"

"Liandike."

Ninavyokuandikia haya, yupo meza ya jikoni, ameshajaza ukurasa wa tatu. Daftari amelikinga kwa mkono nisione. Nimepita hapo mara mbili kuchukua chumvi, na sijachungulia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, niliyekusamehe, ingawa kinyozi bado hajakutana nami, wanao wawili, mmoja fundi umeme na mmoja muuguzi, wakwe zako, dada yako mshonaji, na mjukuu wako Chiriku, aliyekusimulia kwa maneno yake mwenyewe. Hutatutoka moyoni, Mzee Halafu.