Mama, Sikumwozesha Chacha

Mama yangu mpendwa,

Kila jioni baada ya kukamua ulipiga magoti juu ya ngozi ya ng'ombe, mimi na wadogo zangu nyuma yako, ukaomba kwa Kikurya mpaka miguu yetu ikafa ganzi. Ulituombea mabinti zako kwa majina. Mwishoni ulimwombea Chacha. Sisi tulijua Chacha ni nani: mtoto wa kiume ambaye hukumzaa, uliyempa jina ili nyumba yako isikose mwana.

Unamkumbuka yule mwalimu wa dini mgeni aliyekusikia? Alidhani Chacha ni mgonjwa. Jumapili akasimama mbele ya watu wote: "Tumwombee Chacha, mtoto wa mama Rebeka, Bwana amwinue kitandani." Wanawake wakaziba midomo kwa viganja. Wewe ukaitikia "Amina" kuwashinda wote. Njiani nikakuuliza kama hukuona aibu.

"Aibu ya nini?" ulisema. "Leo kanisa zima limemjua mwanangu."

Tulicheka mpaka nyumbani. Sikujua kwamba siku ya kufa kwako ungenishika mkono useme, "Ng'ombe wako wa mahari wakija, mwozeshe Chacha. Usiiache nyumba yangu ifungwe." Nami nikajibu, "Sitaiacha, mama."

Ng'ombe wamekuja kutoka kwa mchumba wangu. Wiki iliyopita baba mdogo alimleta Robi uani kwako awe mke wa Chacha, azae na mwanamume atakayechaguliwa, na watoto waitwe wa Chacha. Mama, Robi ni mwanafunzi wangu wa darasa la saba. Alinipa shikamoo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, baba mdogo asisikie: "Mwalimu, huyo Chacha yukoje? Ni mkali?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Usidhani nilichagua haraka. Maneno ya Bwana juu ya kumpenda mama kupita Yeye nilikuwa nikiwakaririsha watoto kama hesabu ya kujumlisha. Siku hiyo yalinigeukia mwenyewe. Nikaona kwamba ahadi niliyokupa ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliitoa nikiwa ndani ya maji ya ubatizo, nawe ulisimama ukingoni umenishikia nguo kavu.

Nikamwambia baba mdogo kwamba Robi anarudi kwao.

"Umesoma mpaka umemsahau aliyekuzaa?"

"Sijamsahau, baba. Ng'ombe wachukue, uwaozeshe wanao. Mtoto wa mtu simtoi kwa mume asiyekuwepo."

"Basi na harusi yako ya kanisani utacheza peke yako," akasema, akatema mate chini. Nikamshika Robi mkono, tukatembea mpaka kwao Kerende. Baba yake alinitukana, lakini alimpokea.

Nyumba yako itafungwa, mama. Neno langu kwako nimelivunja, na sitajifanya nimelitimiza kwa njia nyingine. Inaniuma ninapoamka. Hata hivyo nalala vizuri, jambo ambalo sikulitegemea. Nakupenda kama zamani, ila nimekuweka mahali pako, nyuma Yake, na hapo ninakuona vizuri zaidi.

Leo Robi amerudi darasani. Wewe sasa unamwona Bwana uso kwa uso. Muulize kama nilikosea. Siliogopi jibu lake.

Pumzika, mama.

Bintiyo mkubwa