Majeneza ya Waridi

Shoga, niko jikoni nimejiziba mdomo kwa taulo nisisikike nikicheka.

Si unajua mume wangu anamtengenezea tovuti fundi wa majeneza? Tangu asubuhi anahangaika na ile fremuweki ya CSS, programu ya kupamba kurasa. Anaandika mitindo, ukurasa haubadiliki. Kwa hasira akabandika ya majaribio: rangi ya waridi, picha za majeneza zidunde kama mpira. Wapi!

Fundi kafika, suti nyeusi. Ndipo bwana anagundua hakuielekeza fremuweki kwenye folda ya kurasa, kumbe ilikuwa haizioni kabisa. Akarekebisha hapohapo, akasahau kufuta ile mitindo ya majaribio. "Sasa tazama, mzee!"

Majeneza YOTE yakaanza kudunda. Ya waridi. Yanadunda, shoga!!



Mzee akavua miwani, akasema polepole: "Mwanangu, wateja wangu huwa wametulia."