Habari Aliyofichwa Mpishi wa Nyambizi

Akalla, Stockholm
Novemba 2009

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Yesu asifiwe. Mmeamkaje huko Uvira? Mvua imeanza, au bado mnakula vumbi? Na magoti yako je? Mimi mwili ni mzima, ila baridi imeshaingia na jua linazama saa tisa alasiri. Ndani kwangu hakuna hata wa kugombana naye. Juzi nilijikuta naijibu redio.

Kazi ya usafi katika zile ofisi za Kista iliisha. Sasa nasafisha nyambizi. Usicheke. Ni manowari inayokwenda chini ya maji, nayo imestaafu, wameiweka ndani ya banda kubwa watu waje kuitazama. Naipangusa kwa brashi ndogo, na hakuna siku inayopita bila kugonga kichwa.

Anayenionyesha pa kugusa na pa kuacha ni mzee Lennart, aliyekuwa mtu wa redio humo tangu ujana wake. Anaizungumzia kama mtu anayemzungumzia mkewe. Ilishushwa majini mwaka niliozaliwa mimi. Ina injini za dizeli, lakini chini ya maji dizeli haipati hewa, kwa hiyo ilitembea kwa umeme wa betri, kimya, ikizisikiliza nyambizi za kigeni zilizodhaniwa zinajipenyeza pwani. Betri zikikaribia kwisha ilipanda karibu na juu, ikatoa bomba la kuvuta hewa, ikawasha injini kuzichaji, ikashuka tena. Miaka mingi hivyo. Baadaye ikabadilishiwa mitambo, ikawa ya kufundishia vijana, mwisho wakaitoa betri zote. Vita haikupigana hata siku moja. "Kazi yetu ilikuwa kusikiliza na kunyamaza," aliniambia.

Alhamisi nilikuwa nasugua jiko la nyambizi, dogo kuliko kabati lako la vyombo. Nikauliza nani alipika humo. Mzee akakaa chini.

"Tukiwa safarini tulipokea habari, kujibu hatukuruhusiwa," alisema. "Siku moja nikaandika ujumbe kwamba mama wa mpishi amefariki. Nahodha akasema tusimwambie, hatuwezi kurudi, na hapa hana hata pa kulilia. Wiki mbili nilikula chakula chake nikikisifu. Alikuwa anamchongea mama yake mwiko."

"Alipoambiwa?"

"Bandarini. Aliniuliza neno moja tu: ulijua? Hajanisemesha mpaka leo."

Niliweka brashi chini, Yaya, maana nilikumbuka barua zako.

Mama hajawahi kunisalimu kistaarabu. Kila ulipoandika alikuwa na lake: mwambie asilale na soksi zilizolowa, mwambie anyoe hizo nywele, mwambie kama amesahau ugali aseme. Barua tatu za mwisho umeandika "Mama anakusalimia sana." Basi. Hayo si maneno ya Mama. Nikipiga simu, yuko kanisani, amelala, ameenda kwa shangazi. Na ile picha ya ubatizo wa mtoto wako: umenyoa kichwa. Ukaandika ni joto. Wewe, uliyelia siku nzima walipokukata nywele shuleni!

Naijua desturi yetu. Mtu aliye mbali na peke yake hapewi msiba kwa simu. Hata mimi nimeshiriki. Tulijua Papa Jules, mwenzetu wa hapa, amefiwa na kaka yake, na Jumapili tukaimba naye kanisani kama kawaida. Jumanne tukajaa mlangoni kwake na sufuria za chakula. Alipotuona wengi vile alielewa kabla hatujafungua mdomo. Siku hiyo nilijiona mtu mwema.

Wiki iliyopita mchungaji alikuja kwangu, akanywa chai, akauliza kama paspoti yangu imetoka, akaenda zake. Labda mnaingoja hiyo paspoti, ili nikisikia niweze kuja. Nawaelewa, wala sikasiriki. Hapana, naongopa, nakasirika. Kama Mama amekufa, basi ni miezi sasa naishi kama mtu mwenye mama. Mwezi jana nimemnunulia koti la sufu. Nimeshinda dukani nikilijaribu mabegani mwangu mwenyewe, wauzaji wakinicheka, nami nikicheka nao.

Msalimie shemeji, mwalimu wetu mwenye kikohozi. Msalimie mjomba fundi baiskeli, mwambie sijasahau alivyonifundisha kuziba tairi. Na jirani yetu anayeuza ndagala, umwambie huku samaki wanawatia sukari.

Mama simtumii salamu safari hii. Kama yupo, Jumapili mpe simu anitukane mwenyewe kwa kumdhania hivi. Kama hayupo, niandikie siku aliyozikwa, nijue siku hiyo mimi nilikuwa nafanya nini.

Mdogo wako,
Bahati