Sikukudanganya Kuhusu Mawingu ya Matogoro

Bombambili,
Songea.
18 Februari 2025

Mpendwa mlongo wangu, mdogo wangu Aidan,

Tumsifu Yesu Kristo. Vipi hali yako na joto la huko Afrika Kusini? Mkeo Adela na watoto wazima? Sisi huku tunaamka. Mama magoti yanamsumbua tangu mvua zizidi, lakini hasikii la mtu, anashinda shambani Mpitimbi kufukuza nyani kwenye mahindi. Mahindi yameanza kubeba, na mwaka huu mbolea haikuchelewa.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Nimekasirika, Aidan. Nimekasirika mpaka juzi niliunguza sufuria nzima ya maharage ya wateja, na mimi sijawahi kuunguza chakula tangu nifungue mgahawa huu.

Sikupiga simu, kwa sababu ungenikatiza, au mtandao ungekuwa mbaya ghafla kama unavyokuwaga nikigusa mambo ya Baba. Barua huwezi kuikatiza.

Ijumaa ya tarehe saba mvua ilinyesha kutwa, ndege ndogo moja ya kukodi ikashindwa kuondoka. Unajua mgahawa wangu uko hatua chache kutoka uwanjani, kwa hiyo rubani wake akaja kula. Kijana wa Tunduru, anaitwa Salum Chande, mpole, mwenye adabu, shikamoo yake ya kuinama kabisa. Nikamuuliza urubani alisomea wapi. Akautaja mji wenu.

"Tulifundishwa na Mtanzania mwenzetu, mama," akasema. "Kapteni Aidan. Ni mkali, lakini kufundisha anajua."

Nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Sikumwambia kuwa nakujua. Nilitaka nisikie sifa zako zote kwanza, halafu ndipo nijitambe.

Akanieleza kuwa wewe huridhiki na maswali ya kukariri. Unamweka mwanafunzi ndani ya simyuleta, ile mashine ya mazoezi iliyotengenezwa kama chumba cha rubani, halafu unampa mkasa kama wa maisha ya kweli. Mara bosi anafoka kwenye redio, mara abiria analia anawahi msiba, mara mafuta yanapungua. Unamtazama ataamua nini, na kwa uamuzi huo unampa maksi.

"Mkasa tuliouogopa kuliko yote," akasema, "ni ule wa dada wa Songea."

Nilikuwa namimina chai. Nikaliweka birika chini. "Dada wa Songea ndiye nani?"

Akacheka. "Uko Iringa na ndege, mama. Baba yako ameanguka, kichwa kimeumia, yuko hospitali Songea, anatakiwa Dar akapasuliwe. Unampigia dada yako kuuliza hali ya hewa. Anakwambia njoo haraka, kumetakata, milima ya Matogoro anaiona yote. Ukimwamini ukaruka, ukifika juu ya Madaba kioo kinakuwa cheupe kama maziwa, huoni kitu, unagonga mlima. Umefeli. Mimi mara ya kwanza niligonga. Kumbe dada alidanganya ili uje! Chuoni kwetu mtu akisema uongo tunamwambia, acha udada wa Songea."

"Hayo ameyatunga?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Kapteni alituambia ni mkasa wa kweli, yalimtokea mwenyewe."

Yalikutokea, Aidan?

Nilimwambia yule kijana, "Mwanangu, huyo dada ni mimi." Alisimama na kijiko mkononi, akashindwa hata kukiweka mezani. Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Lakini yeye hana kosa. Alifundishwa.

Sasa nikukumbushe, maana ama umesahau ama umejisahaulisha. Ilikuwa Februari mwaka 2016. Baba alianguka kutoka juu ya paa akipigilia bati. Wewe ulikuwa Iringa, ndege ya bosi wako iko tupu, na bosi alikuwa amesharuhusu. Mimi nilikuwa nimesimama uani hospitalini, kanga imelowa, simu nimeishika kwa mikono miwili. Ukaniuliza, "Dada, Matogoro inaonekana?"

Nikageuka, nikatazama. Nikakwambia, "Haionekani, Aidan. Mawingu yameshuka mpaka kwenye miti ya chini, na mvua inaongezeka."

"Hata kilele?"

"Hata kilele."

Ukasema, "Basi, dada, siwezi." Nikakujibu, "Sawa." Ndivyo tulivyosema, neno kwa neno. Sijasahau hata moja.

Usifikiri neno lile jingine sikulifikiria. Lilikuwa hapa mdomoni. Nyuma yangu, dirishani, nilikuwa nasikia Baba anavyokoroma, na nilijua kabisa nikisema "naiona" wewe utawasha ndege. Nikalimeza. Tukampakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Dar kwa barabara. Tulipofika Madaba mkono wake ulilegea ndani ya wangu. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Na kwenye msiba ulikuwepo. Ulimsikia Baba mdogo Hironimus aliponigeukia mbele ya watu wote akasema, "Ungemwambia mwenzio kunaonekana, angekuja akajionea mwenyewe. Mdomo wako ndio uliomzika kaka yangu." Nilikutazama, nikingoja useme neno. Ulikuwa unatazama viatu vyako. Wiki ile ile ukarudi kazini, mwaka uliofuata ukahamia huko.

Mimi nimebaki hapa. Miaka tisa, kila kipaimara, kila ndoa, kila tukikutana kugawana mbegu, Baba mdogo ananipita kama mti. Watoto wa ukoo wamekua wakijua kuwa shangazi Lidwina ndiye aliyemzuia Aidan asije. Nimevumilia. Nilijiambia, angalau Aidan anajua.

Kumbe Aidan ndiye aliyeniuza! Nyumbani nalaumiwa kwa kusema ukweli, na huko kwenu nimefanywa mwongo wa kufundishia. Nisimame wapi mimi?

Sigombi na ufundishaji wako, tuelewane. Salum alinihadithia kuwa mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja alimng'ang'aniza aruke kutoka Njombe kwenye ukungu, akakataa, na akasema aliweza kukataa kwa sababu alishaigonga milima mara moja ndani ya mashine yako. Hiyo ni kazi njema. Watu wako hai kwa ajili yake. Tunga mikasa upendavyo, weka madada waongo hata kumi, ila usiseme ni kweli na usitaje Songea.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini uligeuza. Nadhani najua. Dada akiwa mwongo, rubani aliyebaki Iringa anaonekana mwerevu, basi. Hakuna mtu aliyebaki analia uani. Umejipa mkasa unaokuwezesha kulala.

Tena nikwambie, mimi niliyeishia darasa la saba: mtihani wako ni mwepesi. Kumkatalia mtu anayekudanganya kila mtu anaweza, akishamgundua tu. Wape ule wenyewe. Dada analia lakini anasema kweli. Baba bado anapumua. Hakuna wa kumlaumu. Rubani anatakiwa akate simu, avue vifaa vyake vya kusikilizia, akae na mikono yake. Hapo ndipo utajua nani anafaa kupewa ndege.

Jumapili iliyopita Salum alikuwa Songea tena. Nilikuwa nimeshamsimulia yote, na mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, nipeleke kwa huyo mzee." Tukaenda Mpitimbi baada ya misa. Baba mdogo alikuwa kwa Mama, amekaa barazani anapukuchua mahindi ya mbegu. Kijana akapiga shikamoo, akaketi chini, akamweleza taratibu rubani anaona nini akiwa ndani ya wingu. Akasema haoni kitu, hata bawa la ndege yake, na milima ya huku kwetu haina taa.

Baba mdogo akamsikiliza bila kumkatiza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo huyu angesema anaiona Matogoro?"

"Mngezika wawili, mzee," Salum akamjibu. "Baba na mwanawe."

Mzee akaacha kupukuchua. Mama alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kitenge. Mwisho mzee akanigeukia, akaniita jina langu, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba ule. "Lidwina. Miaka tisa. Mbona Aidan hakuniambia?"

Swali hilo ni lako. Kwa hiyo nakuuliza wewe: mbona hukumwambia? Kijana wa watu, asiyetujua, amekuja na lugha yake ya Kiyao nusu na Kiswahili nusu, na kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja ameniondolea mzigo ambao mdogo wangu wa tumbo moja ameutazama miaka tisa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Uongo ule wa chuoni umeniuma, lakini ukimya wako umeniuma zaidi.

Barua hii anaileta Salum mwenyewe, anakuja huko mwezi ujao kufanya mtihani wa ndege kubwa zaidi. Usimwadhibu kwa kunisimulia. Na usifanye mambo ya kunipigia kuniomba msamaha kwa sauti ya chini. Simama mbele ya wanafunzi wako, uwaambie dada wa Songea alisema nini. Waliokwisha kuondoka, namba zao unazo. Halafu umpigie Baba mdogo, na yeye umwambie.

Najua wanafunzi wako ni wadadisi. Lazima atatokea mmoja akuulize, "Kapteni, na yule dada alijisikiaje ulipokata simu?" Mwambie ukweli. Mwambie hujui, kwa sababu mpaka leo hujawahi kumuuliza.

Mama anakusalimu na anasema uongeze sala. Baba mdogo Hironimus hakunituma salamu, ila aliniomba namba yako, nikampa. Mbusu Adela na watoto kwa ajili yangu. Mungu akushike kila unapoiacha ardhi, na akurudishe salama kila jioni.

Akupendaye, hata leo hii,

Dada yako,
Lidwina