Golikipa Asiye na Meno

Baba,

Nimekasirika. Nianze na hilo, maana wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka. Mutuma, kifungua mimba wako, amepata mtoto wa kiume. Kwa mila yetu mtoto huyo ni wewe umerudi, na sifa uliyokuwa nayo ndiyo inakuwa jina lake. Sasa shida imekuja hapo: sifa gani?

Mutuma akasema Kirimi. Mkulima! Ati kwa sababu Nkubu nzima inakujua kwa kahawa. Mimi nikakataa. Nikasema aitwe Murangiri, mlinzi, kwa sababu kabla ya kahawa ulikuwa golikipa wa hoki wa Kenya. Unajua alinijibu nini? "Hoki ni mchezo wa wasichana wa bodingi." Akacheka, na mkewe akacheka. Aki nilitaka kumrushia sufuria.

Nikaenda kuleta ile kadi yako, moja ya zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za chingamu siku zile uhuru ulikuwa bado mpya. Rangi imefifia lakini unaonekana. Umesimama mbele ya goli, pedi nene miguuni, fimbo mkononi, na unacheka bila meno ya mbele. Mutuma akaitazama akasema, "Huyu anaweza kuwa mtu yeyote." Mtu yeyote, Baba! Mwanao wa kuzaa.

Na wewe pia nimekukasirikia. Kwa nini hukusema? Mimi mwenyewe niliokota vipande tu tukichuma kahawa, nikuulize mara kumi ndipo ujibu neno moja. Kwamba ulijifunza hoki kambini, ulipokuwa mwanajeshi. Kwamba hamkuwa na kofia wala kitu cha kukinga uso. Kwamba mpira ulikupata mdomoni ukatema meno kwenye nyasi, ukamaliza mechi hivyo hivyo, damu hadi kifuani, kwa sababu hakukuwa na kipa mwingine. Kwamba goti lilipokwisha walikuaga kwa soda, ukapanda basi ukarudi nyumbani kulima. Mutuma hukumwambia lolote. Alikuona ukichechemea shambani akadhani ni uzee.

Lakini mimi ulinifunza. Unakumbuka nyuma ya jiko? Ulikuwa unanirushia maovakado mabichi nizuie kwa mguu, na Mama anapiga kelele kwamba tunammalizia mti wake. Nikiogopa unaniambia, "Usifumbe macho, Kendi. Ukifumba, ni goli." Mguu wangu ulikuwa unavimba, na bado nilikuwa nangoja jioni ifike turudie.

Basi, nimeshindwa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Kirimi. Baba mtoto ndiye mwenye kauli, na shangazi ni nani? Nililia jikoni nikasingizia moshi.

Halafu Jumapili Mutuma na mkewe walipokuwa wakijiandaa kurudi kwao Embu, Mama alimbeba mtoto pale uani. Mtoto akamcheka, ufizi mtupu. Mama, ambaye hata siku moja sijamsikia akiitaja ile kadi, akasimama ghafla. Akasema, "Murangiri, kwani umerudi bila meno vilevile?" Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Baba, kumbe alijua! Kumbe hilo ndilo jina alilokuwa akikuita mkiwa wawili, mwenyewe aliniambia baadaye.

Mutuma alikuwa ameshika begi la mtoto. Hakucheka. Aliniomba kadi, akaishika karibu na uso wa mwanawe, akatazama kadi, kisha mtoto, kisha kadi tena.

"Ni goti gani lililoumia?" akaniuliza.

Nikamwambia ni la kushoto. Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia kadi kwa mikono miwili, wakaondoka.

Cheti hakijabadilika, na sikudanganyi, bado inaniuma. Ninataka kugombana na mtu na sijui nianze na nani. Lakini yule mtoto akianza kusimama vizuri nitampeleka nyuma ya jiko. Nitamrushia maovakado, kwanza yaliyoiva, halafu mabichi, na Mama apige kelele anavyotaka. Nitamwita Murangiri, Mutuma awepo asiwepo, na nitamwambia asifumbe macho.

Pumzika sasa, Baba. Weka hilo goti juu ya kitu. Golini nipo mimi.

Binti yako,
Kendi