Mwalimu wa Baiolojia Alipokuja Nyumbani

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Didia hatujambo. Mjomba wako bado yuko machimboni Mwakitolyo, na mpunga tumeshavuna.

Umeniuliza kama mtu anaweza kusoma mageuzi ya viumbe na bado akaenda kanisani. Nilipokuwa kidato cha tatu, baba yangu, mzee wa kanisa, alisikia tunafundishwa hayo akanizuia kwenda shule. Wiki ya pili mwalimu wa baiolojia akaja mwenyewe.

"Wewe Mungu unamwamini?" baba akamuuliza.

"Namwamini, mzee. Kwamba aliumba, sina shaka. Ninachochunguza ni namna alivyoumba. Naona viumbe hubadilika kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi."

Baba akalitazama zizi. "Kweli, ng'ombe wangu si kama wale wa babu," akasema. "Lakini bado ni ng'ombe."

Kesho yake akaniruhusu kurudi darasani. Baba hakuyakubali mageuzi mpaka anafariki. Ila kila Jumamosi aliniita: "Haya, mwalimu kasemaje wiki hii?" Nikimweleza, anatikisa kichwa kukataa. Jumamosi inayofuata anauliza tena.

Ni mimi bibi yako,
Mbuke